Barua ya wazi kwa Meya na Madiwani wa mji wetu: Mlichofyeka halikuwa gugu

Mei 2025

Mheshimiwa Meya, na Waheshimiwa Madiwani,

Salamu kwenu nyote. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ninyi ndio mlioanza. Agosti mwaka jana nilikuta karatasi ya njano imebandikwa mlangoni kwangu, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, viatu vya kazini bado viko miguuni. Karatasi ilisema uwanja wangu una "nyasi na magugu yaliyozidi inchi kumi", na kwamba nina siku saba za kuyaondoa. Nisiwafiche, kwanza nilifurahi. Miaka kumi na moja ndani ya Iowa, Marekani, na hatimaye ofisi ya mji inanisemesha kwa lugha ya mama yangu! Nikaipiga picha nikamtumia shangazi yangu kule Gede, pwani ya Kenya. Akanirudishia ujumbe wa sauti, anacheka mpaka anakohoa: "Mwanangu, ulivuka bahari yote hiyo ukafuge magugu?"

Ndipo nikatoka nje kuangalia ni magugu gani yanayosemwa.

Nyuma ya nyumba, kati ya banda la vifaa na uzio wa jirani, kuna kipande cha ardhi kisichozidi mikeka miwili. Hapo pameota mmea ambao jina lake la hapa, ukilitafsiri, ni "gugu la maziwa", na nadhani jina hilo ndilo lililouponza. Una shina nene na majani mapana yenye vinyoya laini upande wa chini. Ukivunja jani hutoka utomvu mweupe unaonata vidoleni siku nzima. Mwezi wa saba hutoa mafungu ya maua ya zambarau iliyofifia, na jioni harufu yake, wallahi, ni asumini mtupu. Sikuupanda mimi. Uliota wenyewe, na nilikuwa nimeshashika panga niung'oe, mama mzee wa jirani akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa uzio. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwalimu wangu, na mengi nitakayowaambia nilianza kuyasikia kwake.

Siku ya tatu baada ya karatasi nilipiga simu ofisini kwenu. Nilieleza. Aliyenipokea alikuwa na adabu, akasema ombi langu limeandikwa. Siku ya nane, saa sita mchana, niliamshwa na mngurumo wa mashine. Nilipofika dirishani nikiwa na kikoi, vijana wawili walikuwa wameshamaliza na wanapakia vifaa kwenye gari. Wiki mbili baadaye ikaja bili: dola 185.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, binti yangu, ana miaka tisa, alikuwa amehesabu viwavi kumi na mmoja kwenye majani yale. Mnawajua? Wana mistari myembamba myeusi, ya njano na myeupe, kama aliyevaa kanga ya milia kuanzia kichwani mpaka mkiani. Aliporudi shule tulipiga magoti tukawa tunachambua mabaki yaliyokatwa, tawi moja moja. Tuliwapata wawili wazima. Jirani akatupa majani ya kwake.

Waheshimiwa, nitaeleza kwa ufupi viwavi hao ni wa nani, maana sidhani aliyeandika ile karatasi anajua, na simlaumu. Ni watoto wa kipepeo mfalme, monarch kwa Kiingereza, yule mkubwa wa rangi ya chungwa mwenye mishipa myeusi mbawani. Jike hutaga kwenye mmea huu na jamaa zake tu, yai moja moja, chini ya jani, dogo kama kichwa cha pini. Kiwavi wake ukimwekea sukuma wiki atakufa njaa akiitazama. Sumu iliyomo ndani ya utomvu humwingia mwilini, na ndiyo inayomfanya ndege wengi wamteme.

Sasa sikilizeni hesabu ya miezi. Vipepeo wanaozaliwa hapa Juni na Julai huishi wiki mbili mpaka sita, wakataga, wakafa. Wale wanaotoka kwenye pupa, lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, mwishoni mwa Agosti na Septemba ni viumbe wengine kabisa. Hawashughuliki na kuoana. Wanakunywa nekta wananenepa, kisha wanageukia kusini. Hao huishi miezi minane au tisa. Kila mmoja ana uzito wa nusu gramu hivi, na kutoka hapa kwetu ana zaidi ya kilomita 2,500 za kwenda, mpaka kwenye milima ya katikati ya Mexico. Wanaoanzia Kanada wana zaidi ya hizo. Hakuna mkubwa wa kumwonyesha njia, maana aliyetoka Mexico mwezi Machi alikuwa baba wa babu yake, na ameshakufa zamani. Anapima jua kwa saa iliyomo kwenye vipapasio vyake, na kitukuu anafika kwenye milima ile ile aliyolala babu mkuu.

Kwa hiyo mnapoleta mashine Agosti mnawapata hao hao wasafiri. Mngekuja Novemba msingemkuta mtu.

Kati ya wale viwavi wawili tuliowaokoa mmoja alikufa. Wa pili alijining'iniza kichwa chini kwenye kifuniko cha chupa, akageuka pupa ya kijani kibichi yenye nukta za dhahabu, dhahabu kweli, kama imechovywa na sonara. Siku ya kumi na mbili pupa ikawa nyeusi, kisha angavu kama kioo, na mabawa yakaonekana yamekunjwa ndani. Jirani alikuwa na vile vibandiko vya Monarch Watch, mradi wa Chuo Kikuu cha Kansas wa kufuatilia vipepeo hawa, ulioanza mwaka 1992. Ni viduara vidogo kuliko kitufe cha shati, vina namba, hubandikwa kwenye bawa la nyuma. Binti yangu aliandika namba hiyo nyuma ya daftari lake la hesabu. Tukamwachia.

Mimi ni mtu wa hasira za polepole. Oktoba nilikuwa nimenyamaza, Desemba nikanunua tiketi. Februari nikaomba likizo ya siku tisa nikaenda Mexico kuangalia hao vipepeo wanaenda kufanya nini huko. Tena nikiwa na namba ya daftari kwenye simu, kama mjinga anayetafuta pete baharini.

Kutoka Jiji la Mexico unapanda basi mpaka Zitácuaro, halafu gari jingine mpaka Angangueo, mji wa zamani wa migodi uliobanwa na milima pande zote. Asubuhi yake nilipanda nyuma ya pikapu kuelekea El Rosario, kwenye jimbo la Michoacán. Pale mlangoni akina mama wamepanga meza, wanachoma chapati za mahindi ya rangi ya buluu juu ya bati la moto, na moshi wa kuni ukaniingia machoni nikajiona niko kwetu. Kisha nikapanda mlima. Mimi nimezaliwa usawa wa bahari. Pale ni kama mita 3,000 juu. Kila hatua ishirini nilisimama nikijifanya napiga picha.

Kiongozi wetu, kijana wa kijiji, aliweka kidole mdomoni. Tulifika kwenye misonobari inayoitwa oyamel. Nikatazama, nikaona miti yenye majani makavu, basi. Nikadhani tumekuja tumechelewa. Yale "majani makavu" yalikuwa yamefunika shina kutoka chini mpaka juu, na matawi yameinama kwa uzito kama matawi ya mwembe mwezi wa kumi na mbili. Kipepeo akifunga mabawa, upande wa nje umepauka. Ndiyo maana jicho halimwoni. Wingu lilikuwa limefunika jua. Tukakaa kimya kama watu walio msikitini.

Jua likatoka. Mti wa kwanza ukawaka. Mabawa yalifunguka yote kwa pamoja, rangi ya chungwa ikashuka kwenye shina kama mtu amemwaga kitu, na mara wakaanza kuachia matawi, mamia, kisha sikuweza tena kuhesabu. Na kulikuwa na sauti! Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Mabawa yale yote yanatoa sauti ya mvua ya rasharasha inapoanza kugonga makuti, kabla hujaamua kama utaanua nguo. Mmoja alitua kwenye mkono wa koti langu. Nilimwona, kumhisi, sikumhisi. Mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa analia bila kujificha, na mumewe amemshika bega.

Chini ya miti kulikuwa na mabawa matupu yametapakaa, maana kule kuna aina mbili tatu za ndege wasiojali ile sumu. Niliinama nikawa nageuza bawa moja moja natafuta kibandiko. Kijana akanigusa bega, akanionyesha kwa mkono nibaki njiani. Kumbe si mimi wa kwanza. Vibandiko vikiokotwa na wanakijiji, mradi hulipa. Na ndivyo ulimwengu wa sayansi ulivyopata uhakika: Januari 1976, mtafiti Fred Urquhart wa Toronto, Kanada, aliyekuwa ametafuta jibu la wanakokwenda kwa karibu miaka arobaini pamoja na mkewe Norah, alikuwa amekaa kwenye milima ile, tawi likavunjika kwa uzito, na kati ya walioanguka akamwona mmoja mwenye kibandiko. Alikuwa amebandikwa Chaska, Minnesota, Agosti ya 1975, na mwalimu pamoja na vijana wawili wa shule. Minnesota, hapo jirani zetu. Kambi za vipepeo zenyewe zilikuwa zimeonekana mwaka mmoja kabla, Januari 1975, na wasaidizi wa Urquhart, Ken Brugger na mkewe Catalina Aguado, binti wa Michoacán. Naandika hivyo nikijua kwamba wenyeji waliwaona tangu enzi. Vipepeo hufika mwanzoni mwa Novemba, siku ambazo watu wa huko hukumbuka marehemu wao, na wazee husema ni roho zinazorudi nyumbani kusalimia.

Waheshimiwa, sikwenda mbali hivyo ili nirudi kuwasimulia uzuri. Nakuja kwenye jambo lenyewe.

Msitu ule ni wa watu. Ardhi kule inamilikiwa na kijiji kwa pamoja, wao huita ejido. Mwaka 1986 serikali ya Mexico ilitenga sehemu ya milima hiyo iwe hifadhi, na mwaka 2000 ikaipanua ikafika zaidi ya hekta 56,000. Watu waliokuwa wakiishi kwa kukata mbao wakaambiwa waache, na fidia ilikuwa haba. Wapo walioendelea kukata usiku. Wapo waliogeuka walinzi, kama Homero Gómez González wa El Rosario, mtoto wa ukoo wa wakata miti aliyekuja kuwa sauti kubwa ya msitu ule. Januari 2020 alitoweka, na maiti yake ikaopolewa kisimani. Na wakati huohuo mashamba ya parachichi yanazidi kupanda milima ya Michoacán, kwa sababu sisi huku tunapenda parachichi.

Nilielewa haraka, kwa sababu ya shangazi. Gede iko ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wengi kule walitamani msitu ufyekwe wapate mashamba. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo: wanakijiji wanafuga viwavi, wanauza pupa, pupa zinasafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Shangazi alilipa karo za watoto wawili kwa pupa. Tangu hapo mtu akiingia msituni na shoka, yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Kwa hiyo najua kwamba kumwambia maskini "acha mti usimame" ni kumwomba kitu kikubwa, na lazima kuwe na kitu upande wa pili wa mizani.

Tukishuka, yule kijana aliniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Iowa. Akaijua! Kwa Kihispania changu cha kuokoteza na Kiingereza chake cha watalii, akaniuliza: "Na ninyi, upande wenu, mnafanya nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na picha ya karatasi yenu ya njano kwenye simu. Nikamwonyesha, nikamweleza. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu, akasema sentensi moja niliyoielewa vizuri kuliko zote za siku ile: kwao wanakatazwa kukata, na kwetu tunakatazwa kutokata.

Sasa niwape namba. Wataalamu huwapima vipepeo hawa kwa eneo la msitu walilofunika majira ya baridi. Msimu wa 1996-97 walifunika hekta 18. Msimu wa 2013-14 zilibaki 0.67. Msimu wa 2023-24, hekta 0.90. Msimu wa 2024-25, niliokwenda mimi, 1.79, na watu walishangilia kwa sababu ni karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Uwanja wa mpira ni kama robo tatu ya hekta. Vipepeo karibu wote wa mashariki ya Milima ya Rocky, kutoka Texas mpaka Kanada, wanaenea kwenye viwanja viwili na nusu vya mpira! Desemba 2024 serikali kuu ya hapa ilipendekeza waingizwe kwenye orodha ya viumbe waliomo hatarini.

Mkono wetu uko wapi katika haya? Iowa ilikuwa nyika ya nyasi ndefu kwa sehemu kubwa, na leo haijabaki hata sehemu moja katika elfu. Gugu la maziwa likajificha kati ya mistari ya mahindi na soya. Kisha kuanzia 1996 zikaja mbegu zinazostahimili dawa ya magugu, shamba lote likawa linapulizwa, na kati ya 1999 na 2010 mikoa hii ya kati ilipoteza asilimia 58 ya mmea wenyewe. Ukame wa Texas upo, baridi kali za milimani zipo. Ile dhoruba ya Januari 2002 iliua sehemu kubwa ya vipepeo kwa siku chache tu. Wataalamu bado wanabishana kipi kina uzito kuliko kipi, na sitajitia mtaalamu. Wala sisemi mikeka yangu miwili itaokoa kitu. Nasema mashamba ni ya wakulima na hamna mamlaka nayo, na Mexico hamna mamlaka nayo, lakini mkono unaotia saini ile karatasi ya njano ni wenu.

Kwa hiyo naomba, na ninaomba kwa heshima. Neno "magugu" kwenye sheria ndogo ya mji lipewe maana, na mmea huu utolewe ndani yake, anayeutunza aandikishwe tu ofisini ili mashine isimfikie. Ule ukanda wa mtoni, na ule mteremko nyuma ya tangi la maji ambako sijawahi kuona mtu akitembea hata mbwa, msivifyeke mpaka Oktoba. Sheria ya jimbo tayari inazuia kufyeka kando ya barabara kuu kabla ya Julai 15, kwa ajili ya ndege wanaotaga chini. Nawaomba mvuke tarehe hiyo, kwa sababu msafiri wetu Julai bado hajazaliwa. Barabara ya 35 tunayoipita kila siku ni ileile ambayo mwaka 2016 majimbo sita, na letu likiwemo, yalikubaliana kuifanya njia ya vipepeo kutoka Minnesota mpaka Texas. Ingekuwa aibu watoke salama kandoni mwa lami waje wafe kwenye viwanja vyetu.

Dola 185 sizidai. Nunueni mbegu. Jirani yangu anasema ataziotesha bure, ila mmpelekee mwenyewe, magoti yanamsumbua.

Na mkisharekebisha sheria, mrekebishe na tafsiri. Niko tayari kuwasaidia. "Inchi" waachieni mafundi seremala. Andikeni sentimita, tutaelewana.

Kuhusu ile namba ya daftari: sikuipata. Binti yangu hakusikitika kama nilivyoogopa. Alisema huenda bado alikuwa juu mtini, na mtu hawezi kuinama akamwona aliye juu.

Mizizi ya mmea ule huenda chini sana, mashine haiifikii. Mwisho wa Aprili ilianza kuchipua, na leo asubuhi nimehesabu mashina ishirini na matatu, mengine yameshavuka inchi kumi. Juzi Jumapili jike wa kwanza alipita, mabawa yamechakaa, bawa moja limechanika pembeni, akatua kwenye jani, akakunja mkia chini yake, akaondoka akaenda jani jingine. Mkija, gongeni mlango kwanza. Bado niko zamu ya usiku, huwa nimelala mpaka saa nane mchana, lakini binti yangu atawafungulia, na anajua mayai yako kwenye majani gani.

Mimi mkazi wenu na mlipa kodi,
nyumba yenye karatasi ya njano